Msamaha wa Mama Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Kwenye ploti yetu ya Kariobangi, mzazi huomba msamaha kwanza, halafu ndipo anauliza mtoto amefanya nini. Nimekua nikiona hivyo. Jirani anatokea mlangoni amefura, amemshika mtoto wako mkono, na kabla hajamaliza salamu umeshamwambia, "Pole sana, mama. Nisamehe. Huyu ni wangu, nitaongea naye." Jirani anapoa, pengine anapewa chai, anaenda zake. Mlango ukishafungwa ndipo mtoto anaulizwa, "Haya, umefanya nini?" Mara nyingi mama yangu aligundua kwamba sikuwa nimefanya lolote, na mambo yakaishia hapo hapo. Msamaha ulikuwa kama kumvutia mgeni kiti. Haukuwa na maana kwamba kuna aliyekosea, na jirani alilijua hilo kama sisi tulivyolijua.

Naeleza hili mapema kwa sababu watu wa chuo kikuu hawalijui, au wanalijua na wanajifanya hawalijui. Mimi naamini hilo la pili.

Nilikuwa mwaka wa nne, nimebakiza muhula mmoja nimalize. Hosteli yetu ilikuwa imekaa bila maji mpaka tukasahau mlio wa bomba. Tulikuwa tunabeba mitungi kutoka kioski cha nje ya geti, tunafua kwa maji tuliyokwisha kuogea, na vyoo usiseme. Tukatuma wawakilishi, tukaambiwa fundi yuko njiani. Huyo fundi sijui alikuwa anatoka nchi gani. Siku moja wanafunzi wakaamua kubeba mitungi mitupu na kwenda kuipanga mbele ya jengo la utawala, wakubwa waione wakitoka kula. Wazo halikuwa langu, ingawa ningejivunia kama lingekuwa langu. Nilibeba mtungi wangu kama wengine.

Mwanzoni tulikaa tu tukiimba. Kisha askari wa chuo wakaanza kuipiga mitungi mateke, vijana wa nyuma wakapandwa na hasira, na nikamwona mtu ameinama kuokota jiwe. Hapo nikapanda juu ya ukuta mfupi wa bustani ya maua, nikainua mkono, nikapaza sauti yangu yote: "Makomredi, kaeni chini! Kaeni chini!" Wengi walikaa. Wachache hawakukaa, na vioo vya madirisha vikavunjwa. Mtu fulani ghorofani alikuwa akirekodi kwa simu nyuma ya kioo kilichofungwa, kwa hiyo video yake haina maneno yanayosikika, ni mvumo tu. Inamwonyesha msichana juu ya ukuta, mkono juu, mdomo wazi, na punde si punde vioo vinavunjika.

Msichana huyo ni mimi. Shtaka likaja kwa barua pepe: uchochezi wa ghasia. Nilitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu, nikiwa na mzazi.

Hapo kwa mzazi ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Nina kitambulisho. Nimepiga kura. Siku ya kusajiliwa tulihutubiwa ukumbini kwamba sasa sisi ni watu wazima, hakuna wa kutushika mkono, kila mtu atabeba msalaba wake. Siku ya kuhukumiwa nikageuzwa mtoto wa mtu. Watakwambia ni malezi. Uongo mtupu. Mzazi anaitwa ili mwanafunzi aone haya, na mtu mwenye haya hajitetei. Unaweza kubishana na profesa ukiwa peke yako, lakini jaribu kubishana naye huku mama yako ameketi kando yako, ameshikilia mkoba magotini kwa mikono miwili. Wanajua wanachofanya.

Mama yangu huuza nguo za watoto katika soko la Gikomba. Siku ya kikao iliangukia siku ya kufungua robota jipya la mitumba, na siku kama hiyo mchuuzi hakosi hata akiwa mgonjwa, kwa maana wateja wazuri huja mapema kuchagua nguo za kwanza, zile safi zinazoitwa kamera. Asiyekuwepo anabaki na fagia, yaani zilizokataliwa na kila mtu. Mama alimwachia mwenzake robota, akavaa gauni la kanisani, tukaenda. Njiani hakuniuliza chochote. Nilidhani ana hasira nami. Kumbe alikuwa anafuata utaratibu wake wa siku zote, na mimi niliyelelewa na utaratibu huo sikuuona ukija.

Katika chumba cha kikao walikuwa wameketi upande mmoja wa meza ndefu. Mkuu wa usalama wa chuo, ambaye ndiye aliyenishtaki, alikuwa bega kwa bega na waamuzi, wakinong'onezana na kuchekeana. Mbele ya kila mmoja wao palikuwa na chupa ya maji, kwenye kesi ya maji. Huko nje kwenye korido, wasichana wawili wa hosteli yetu walikuwa wakingoja kuitwa. Siku ile walikuwa wameketi chini ya ukuta niliopanda, na walinisikia neno kwa neno.

Mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya upole, alisoma shtaka, akaonyesha ile video, kisha akaniruka mimi na kumgeukia mama. "Mama, ungependa kusema lolote?"

Mama akasimama. "Walimu wangu," akasema, "naomba mtusamehe. Huyu ni mtoto wangu. Kama kuna mahali amewakosea, ni kama mimi ndiye nimewakosea. Tusameheni, nitaongea naye."

Nilimwona katibu akiandika haraka haraka kwenye kompyuta. Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Asante sana, mama. Tumepokea. Umeturahisishia kazi."

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi sijakiri kosa lolote. Nina mashahidi hapo nje."

"Mzazi wako ameshazungumza. Usimwaibishe."

Ndivyo kikao kilivyokwisha. Wale wasichana wawili waliambiwa warudi darasani.

Tulipofika nyumbani mama alifunga mlango, akabandika chai, akavua viatu vya kanisani. "Haya," akasema, "umefanya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia mitungi mpaka ukuta.

"Kwa hivyo uliwaambia wakae chini?"

"Ndiyo."

"Basi mbona una sura hiyo? Umesikia mwenyewe wakisema wamepokea. Yameisha."

Nilijaribu kumweleza kwamba kule mambo hayaendi hivyo. Alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za watu wasio na makwao. Mtu apokee msamaha wako, aseme asante, halafu ageuke akupige? Hakuwa amewahi kukutana na mtu kama huyo, na amefanya biashara Gikomba maisha yake yote.

Uamuzi ulikuja juma lililofuata. Nilimsomea nikiwa nimesimama kibandani kwake, yeye akitundika visweta vidogo vidogo. Nilikuwa nimesimamishwa masomo mwaka mmoja, "kwa kuzingatia kwamba kosa lilikiriwa mbele ya kamati."

"Nani alikiri?"

"Wewe, mama."

Akakishusha kisweta alichokuwa akikitundika. Nilikuwa nimemkasirikia, na hasira hiyo ilikuwa kali kuliko ile niliyokuwa nayo kwa kamati, maana kamati sikuwahi kuipenda. Nikamuuliza kwa sauti iliyowafanya majirani wa kibanda wageuke, "Kwani ungepungukiwa na nini ungeniuliza kwanza?"

"Mimi nilikuuliza," akasema. "Tulipofika nyumbani nilikuuliza. Wao wamekuuliza lini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Walikuwa wamenisomea shtaka, wakanionyesha picha yangu, wakanihukumu, na katika hayo yote hakuna mdomo mmoja ulioniuliza siku ile nilisema nini. Hasira yangu ikahama pale pale kibandani, ikaenda ilikostahili kwenda. Nikaandika rufaa siku hiyo hiyo.

Watu walinihurumia kwa namna ya kuudhi. Mwenzangu wa darasani alinipigia simu: "Manze, si uende tu uwaombe msamaha hii story iishe? Hao wasee hawapotezi kitu. Ni wewe utabaki nyuma, sisi tukivaa magauni ya kuhitimu." Mjomba wangu, karani wa ofisi moja mjini, alikuja Jumapili baada ya ibada kutoka mtaa wa Tena kuniambia jambo lile lile kwa Kiswahili kirefu. Alisema watu wa kwetu hawashindani na ofisi. Alisema nijinyenyekeze, nipite, nikishapata digrii nitasimama wima nipendavyo. Nampenda mjomba, lakini nimemfahamu tangu utotoni na sijawahi kumwona akisimama wima. Nilimwambia hivyo, na mama hakunikemea.

Siku ya rufaa mama alikuja tena, safari hii na nguo zake za sokoni. Waamuzi walikuwa wengine, wakiongozwa na mwanamke mmoja wa makamo mwenye miwani, ila katibu na mkuu wa usalama walikuwa wale wale. Mwenyekiti alieleza kwamba watanisikiliza mimi peke yangu, mzazi yupo kama mtazamaji tu. Mama akasimama kana kwamba ameitwa.

"Mwalimu, sitakaa sana. Siku ile nilikuja hapa nikaomba msamaha. Leo nimekuja kuuchukua."

"Mama, sijakuelewa."

"Niliwapa kwa heshima. Kwetu mtu akileta neno juu ya mtoto wako unamheshimu kwanza, halafu mtoto anaulizwa. Naye akishapokea, amepokea, harudi kumpiga mtoto. Nyinyi mlipokea, mkaniambia asante, halafu mkampiga mtoto kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa hivyo nauchukua." Akamgeukia katibu. "Andika."

Katibu akamtazama mwenyekiti.

"Kumbukumbu za kikao kilichopita hazifutwi, mama," mwenyekiti akasema.

"Sijasema afute. Nimesema aandike. Ule msamaha aliuandika bila kuambiwa."

Alibaki amesimama. Hakupaza sauti, hakutukana mtu, alisimama tu jinsi anavyosimama na mteja anayetaka kuondoka na nguo kabla hawajaelewana bei. Mwisho mwenyekiti akaashiria kwa kidole, na katibu akaandika. Ndipo mama akaketi. Mimi nilikuwa na furaha ya aina ambayo haina adabu hata kidogo.

Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, nikaulizwa siku ile nilisema nini. Nikasema. Wasichana wawili wakaitwa, mmoja mmoja, wakasema vile vile. Mwenyekiti aliitazama ile video tena, akamuuliza mkuu wa usalama kama kuna neno lolote linalosikika mle ndani. Mkuu wa usalama akakubali kwamba hakuna. Tukatolewa nje, tukangoja, tukaitwa tena.

Mwenyekiti alisema kamati imeridhika kwamba ushahidi haukutosha. Hata hivyo, akasema. Nimejifunza kuogopa "hata hivyo" kinywani mwa mtu wa ofisi. Hata hivyo, madirisha yalivunjwa, nami nilikuwepo, na chuo lazima kilinde heshima yake. Kusimamishwa kutaondolewa, nirudi darasani Jumatatu, mradi nitie sahihi barua ya kuomba radhi. Barua yenyewe ilisukumwa mezani mpaka mbele yangu, na kalamu juu yake. Ilikuwa imeshachapishwa. Ilisema nakiri na kujutia mchango wangu katika ghasia.

Sitajifanya chuma. Niliitaka ile Jumatatu. Niliona mitihani, niliona gauni la kuhitimu, nikamwona mama katika gauni lake la kanisani akipigwa picha nami kwenye nyasi zile ambazo siku za kawaida huruhusiwi kukanyaga. Mstari wa sahihi ulikuwa mfupi tu. Na nilijua kwamba nikiutia wino, tangu siku hiyo kila atakayefungua faili langu atasoma kwamba nilipanda ukutani kuwatuma wenzangu wavunje. Siku ile nilikuwa nimefanya jambo la maana kuliko yote niliyowahi kufanya pale chuoni, na sasa nilitakiwa kulijutia kwa maandishi ili watu walioshindwa kutuletea maji walale vizuri.

"Sitii sahihi," nikasema.

Mwenyekiti akavua miwani. Niliogopa kumtazama mama. Mwaka huo haukuwa wangu peke yangu. Ni yeye aliyekuwa akiamka kila alfajiri kwenda kufungua kibanda, na ni yeye aliyekuwa akiulizwa kanisani mtoto anamaliza lini. Mwenyekiti naye alilijua hilo, kwa kuwa aliacha kuongea nami akamgeukia yeye, kama yule mwingine alivyofanya.

"Mama, zungumza na mtoto. Anapoteza mwaka mzima kwa ajili ya karatasi moja."

Mama alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Akaisukuma kalamu irudi upande wao wa meza.

"Mwaka tunao, mwalimu," akasema, akanifungulia mlango.