Vitweta na Vidole vya Baba

Friza ya binti yangu hapa Al Mansoura, katika nchi ya Waarabu, ina harufu ya ghala la samaki: chuma, baridi, na kitu kama mvua ya jana. Ijumaa iliyopita, maana huku ibada ni Ijumaa, tulipotoka kanisani Mesaimeer, jua limetuivisha kabisa, mjukuu wangu aliingiza kichwa humo akakataa kukitoa. Nilimkemea. Halafu ile harufu ikanifikia, nikatafuta kiti.

Sikusoma sana mimi, kwa hiyo nitawaambia tu ilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa akibeba barafu kwenye ghala la samaki Kisumu, mapande makubwa kama mawe ya kujengea, kwa mikono mitupu. Jioni alirudi vidole vimepasuka, ncha zimekuwa nyeupe. Nilipomuuliza, alisema ameumwa na vitweta.

"Ni wanyama, mama," akaniambia. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Wadogo kama punje ya mchele, hawana macho, na wanaishi ndani ya barafu. Ile mistari myeupe katikati ni barabara zao. Ule moshi ni pumzi zao wakitweta. Chakula chao ni joto. Mtoto akilia njaa, mama yake anamsogeza karibu na mkono wangu."

"Na wanauawa na nini?"

Akafikiri. "Chumvi."

Hapo alikosea. Mtoto haambiwi dawa ya adui.

Jumamosi moja alileta kipande cha barafu kwenye gunia la maranda, mama alaze humo samaki wake, ngege wa kuuza kesho yake. Mama alipokwenda bombani, nilichukua mkebe wa chumvi nikaumwaga wote. Barafu ikalia, ta, ta, ta. Nikajua wanakufa. Sikuwahurumia, hata watoto wao.

Asubuhi gunia lilikuwa maji matupu, samaki wamelegea.

"We msichana! Umefanya nini?" Mama ameshika mwiko tayari.

"Nimewaua. Hawatamuuma baba tena."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. "Mwache," akamwambia mama.

Jumatatu alirudi na vidole vilevile. "Wamezaliwa wengine," akasema, bila kunitazama. Basi nikavichukua vile vidole nikavibana makwapani mwangu, ili vitweta wale joto langu, waachane na lake. Nikafanya hivyo kila jioni, naye alikaa tuli mpaka niseme, "Wameshiba."

Nilishakuwa mke wa mtu mama aliponiambia kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi kabla hata sijaanza shule. Daktari alimkataza kazi ile, na nyingine haikuwepo. Angemwambiaje mtoto jambo kama hilo? Akatunga wanyama.

Mimi nikidhani nampasha joto, na katika vile viwili hakuwa akisikia kitu. Lakini kila jioni alinipa vyote kumi.