Kinshasa Ni Rozari Ngapi

Mama hapimi safari kwa kilomita. Kutoka kwetu Panda hadi soko la Kikula kwa miguu ni rozari mbili. Kwenda Tshangalele kununua samaki ni tatu, kwa gari. Lubumbashi ni sita, dereva asiposimama ovyo. Kusali rozari yake moja ni dakika ishirini. Nimeipima kwa saa ya mkononi zaidi ya mara moja, maana nina ugonjwa wa kutaka kujua, na haizidi wala haipungui.

Kwa hiyo baba, mstaafu wa kiwanda ambaye hakuwahi kupanda ndege, alipoitwa na dada yangu aende Kinshasa kumwona mjukuu wake wa kwanza, mama aliniuliza mimi, mwalimu wa jiografia:

"Kinshasa iko rozari ngapi?"

Nilifurahi mno. Nikaweka rula kwenye ramani ya shule: kilomita elfu moja na mia tano na kidogo. Nikasoma tiketi: kuondoka Lubumbashi saa nne asubuhi, kufika saa tano na nusu. Nikagawa. Kilomita elfu moja kwa saa! Nikastaajabia mbio hizo badala ya kuzitilia shaka.

"Ine na nusu, mama."

"Kinshasa iko karibu kupita Lubumbashi?" Alicheka. "Nusu hatusali. Nitasali tano."

Siku ilipofika, saa nne, baba alipiga simu akiwa kitini ndani ya ndege: "Tunafunga mikaba." Mama alikuwa ameapa kutoketi hadi ndege iguse chini, na magoti yake ni mabovu. Akashika kabati kwa mkono mmoja, rozari kwa mwingine, akaanza. Mimi nikawa nahesabu.

Ya tano ikaisha, simu kimya. Nikasema labda wanasubiri mizigo. Akasali ya sita. Nikampigia baba, hapatikani. Nikampigia dada, simu haikuingia. Hapo niliogopa kweli. Ya saba mama aliisali polepole, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Alikuwa ameanza ya nane simu ilipolia.

"Tumefika!" Baba alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mezani, wote tumsikie. "Saa tano na nusu juste kabisa, vile banaandika ku tiketi!"

Saa yetu ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Nikajishika kichwa. Kila mwaka nafundisha watoto kwamba nchi yetu ina kanda mbili za saa, na kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi iliandika muda wa kuondoka kwa saa ya huku na wa kufika kwa saa ya kule, na ndege ilikuwa na safari ya saa mbili na nusu tangu mwanzo. Mganga hajigangi. Nikawaeleza wote wawili, kwa aibu.

Mama aliketi. Hakunigombeza. Aliinamia simu.

"Ile ya saba," akamwambia baba, "haikukuwa ya safari. Nilikusalia ya wafu."

Tulisikia watu wakipita na masanduku yao huko aliko.

"Uliimaliza?" baba akauliza.

"Niliimaliza."

"Basi uichunge, mama. Itanifaa siku ingine."