Mstari Mmoja wa Mama

Hebu mwone anavyoingia. Saa moja na nusu asubuhi, mabuti ya mpira miguuni, faili kwapani, na ng'ombe waliokuwa wakicheua kwa raha zao wananyanyuka mmoja mmoja na kusogea upande wa pili wa zizi. Wanamjua. Mkamuaji naye anamjua, anapaza sauti: "Jamani, Mama Sindano huyo! Kila mtu ashike shingo yake!"

Jina hilo lilimganda tangu ujana. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kutoa damu shingoni mwa ng'ombe, kuipeleka maabara na kuiuliza swali lile lile: kwa nini kupe wakiwauma ng'ombe kumi, saba wanaanguka kwa homa na watatu wanaendelea kula majani kama vile hawajapata habari? Yeye aliamini kinga hiyo ndama huzaliwa nayo, anairithi kwa wazazi. Lakini chuo hakitaki imani, kinataka ushahidi. Basi miaka sita ya mwisho akafuatilia ndama arobaini, kila mmoja na fomu yake, na juu ya kila fomu mstari alioutunga kwa mkono wake mwenyewe: *Mama ni nani?*

Sasa majibu ya vipimo vya vinasaba yalikuwa yamerudi, na damu ya ndama tisa haikulingana kabisa na ya mama zao. Mkuu wa idara, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alimweleza akiwa amesimama, maana alishindwa hata kukaa.

"Mwalimu, tisa kati ya arobaini! Watasema mirija ya sampuli za damu imechanganyika. Kama Ijumaa hatuna maelezo, utafiti unafungwa."

Na mwakani alikuwa anastaafu. Miaka sita mingine angeitoa wapi?

Siku mbili alikagua mirija kwenye jokofu, lebo kwa lebo, vidole vikamfa ganzi. Kila mmoja ulikuwa mahali pake. Ikabaki fomu, na fomu zilijazwa kwa maneno ya mkamuaji. Ndiyo maana asubuhi ile alikuja bila sindano.

"Kaka, huyu mwekundu mama yake nani?"

"Kipaku. Si nilishakwambia?"

"Una hakika Kipaku ndiye aliyemzaa?"

Mkamuaji aliacha ndoo. "Kumzaa? Aka! Aliyemzaa ni Sikio. Chuchu zilimvimba, akawa anampiga mtoto mateke. Nikampeleka kwa Kipaku. Kipaku hana ubaguzi, hata wewe ukienda kwake atakunyonyesha."

"Sasa mbona uliniambia mama yake ni Kipaku?"

"Dada daktari, yule binti yako anayekuja hapa likizo, ulimzaa?"

"Alimzaa mdogo wangu. Alikuwa anaumwa, nikamlea mimi."

"Anakuitaje?"

Ng'ombe waliacha kutafuna, au ndivyo mkamuaji anavyosimulia.

"Mama," akasema.

"Haya. Ndama naye amwiteje Kipaku, shangazi?"

Mama Sindano alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alifungua faili. Kipaku peke yake alikuwa ameandikiwa watoto sita, wawili katika mwezi mmoja, na pembeni kwa penseli yeye mwenyewe alikuwa ameandika: *pacha?*

"Pacha!" mkamuaji akapokea. "Mmoja mwekundu, mmoja mweusi, wamepishana siku kumi! Na hiyo ndiyo elimu?"

Walizipitia fomu tisa palepale, zizini. Damu ya ng'ombe wote ilikuwa imeshapimwa, kwa hiyo kazi ilikuwa kumrudishia kila ndama mzazi wake. Kufika Alhamisi jioni wote tisa walilingana na mama zao, na waliozaliwa na wenye kinga walikuwa ndio hao hao ambao kupe hawakuwaweza. Mkuu wa idara alisoma maelezo mara mbili, safari hii ameketi. "Mwalimu, kumbe kosa lilikuwa neno moja tu?"

"Neno halina kosa," akamjibu. "Niliyekosea ni mimi, niliyeliwekea mstari mmoja."

Fomu mpya ina mistari miwili: *aliyemzaa* na *aliyemnyonyesha*. Kipaku amejaa kwenye ule wa pili.

Jumamosi yake alikuwa mezani kwake anamenya viazi, roho imetulia, na yule mdogo wake amekuja kumtembelea. Binti yao alikuwa kati yao, anajaza karatasi za kujiunga na chuo. Anataka kusomea mifugo. Kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza jina la mama. Mstari ni mmoja. Niandike nani?"

Dada wawili wakatazamana, kila mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole, wakaangua kicheko. Binti hakucheka, alikuwa anangoja jibu, kalamu mkononi.

Ungekuwa wewe mezani pale, msomaji wangu, ungemwambia aandike jina la nani?