Kitufe Kilichotamkwa Vizuri

Juzi, kwenye duka la simu pale Ujiji, nilimkuta mwalimu mmoja asiyeona. Simu yake humsomea kwa sauti kila anachokigusa, lakini kitabu cha kufundishia alichonunua mtandaoni, kwenye programu ya vitabu, kilikuwa kimeishinda: kurasa zake zilipigwa picha tu, hazikuwa na maandishi ambayo simu ingeweza kuyasoma.

"Picha," simu ilisema. Akafungua ukurasa mwingine. "Picha."

Muuzaji akachungulia. "Mwalimu, mbona kinasomeka vizuri tu?"

"Kwako. Mimi Jumatatu naingia darasani na nini?"

Akatelezesha kidole hadi kwenye kitufe kilicho chini kabisa ya kioo. Simu ikatamka bila kigugumizi: "Nunua kitabu kingine."

Mwalimu akaifunika kwa kiganja, kama anayemziba mtu mdomo.

Tusiwasingizie waliotengeneza programu ile kwamba hawajui kuwa wasioona wapo. Wanajua. Waliwakumbuka pale pa kulipa.