Karai la Nyangate

Nyangate ni mtoto wa ndugu yangu, kwa hivyo nikimsifu msiseme najisifu, ingawa ukweli ni kwamba mikono ile aliitoa upande wetu. Ukifika Keroka uulize chapati, utaonyeshwa hoteli moja yenye mlango wa buluu, nyuma ya mahali malori yanapoegeshwa. Chapati ya hapo ukiivuta inafunguka kurasa kurasa kama kitabu cha nyimbo. Alijifunza Nyanchwa, kwa mama mmoja aliyekuwa akipikia watu wa makambi ya kanisa, na yule mama alisema hajapata kuona kijana anayekanda unga kwa subira namna ile. Mimi nilifika darasa la saba nikaona inatosha, lakini subira ninaitambua.

Ana miaka thelathini na minne, mke mmoja anayeitwa Emily, watoto wawili, na maneno kama kumi na matano kwa siku. Maneno mengine ya ukoo wetu niliyachukua mimi.

Hoteli ni ya Madam Tryphosa, mwanamke wa kutoka Sironga, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Wafanyakazi ni wawili tu: Nyangate jikoni, na Opondo mezani. Opondo ni weita kutoka upande wa ziwa, kijana mrefu, msafi, anayepiga pasi hadi soksi. Aproni ya hoteli ni moja, na Madam huivaa mwenyewe pale mbele ili wateja waone kwamba hoteli ina aproni. Jiko ni la mabati juu na mabati pembeni. Ikifika saa nne asubuhi, ndani kuna joto la kuivisha mayai bila maji. Kwa hiyo Nyangate hukanda akiwa amevaa bukta na vesti, na vesti yenyewe ina madirisha. Hakuna aliyejali, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa chapati.

Shida ilianza Madam alipopata mama mpya wa kumletea managu na chinsaga kila Jumanne na Ijumaa. Mboga zilikuwa nzuri, mama alikuwa mwaminifu, na mama huyo ndiye aliyemzaa Emily.

Sasa kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Huku Gusii mama mkwe hapewi mkono. Unasimama mbali kidogo, unaangalia pembeni, unamjibu kwa sauti ya kanisani. Mkwe kumwonyesha mama huyo kwapa lake ni jambo la kuitisha wazee. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Vijana wengi wa siku hizi wanaipunguza kama wanavyopunguza nywele, lakini Nyangate hakupunguza hata unywele mmoja. Na kati ya jiko na pale wateja wanapokaa hakuna ukuta wa maana, kuna dirisha la kupakulia chakula, pana kama kitanda.

Mama mwenyewe ni mstaarabu. Alijua mkwewe anapika humo, kwa hiyo akifika langoni alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia. Nyangate akisikia kikohozi, anafunika karai la unga kwa kitambaa cheupe, analibeba, anatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba. Unga uliokandwa nusu ukiachwa unafanya ngozi juu. Anakanda huko huko, amechuchumaa kama kuku anayetaga, mpaka asikie mama ameaga.

Mambo yangekwenda hivyo hadi watoto wake waoe. Ila nyama nayo ilianza kupungua.

Siku nyingine zote sufuria ilitosha. Jumanne na Ijumaa, saa saba ikifika, Opondo alikuwa akipeleka mezani bakuli za mchuzi mtupu. Wateja hawamtukani mpishi, mpishi yuko ndani na chapati zake, wanamtukana weita. Dereva mmoja wa lori alimwomba amletee ndoana, labda kuna kitu kule chini. Opondo aliona aibu, akaanza kuchunguza. Akagundua kwamba siku zinazopungua nyama ndizo siku ambazo Nyangate hutoka nyuma kwa haraka na karai lililofunikwa. Hakuwahi kufunua kitambaa. Mtu akishajua jibu, kufunua ni kazi bure.

Alhamisi moja akaenda kwa Madam, akasema mpishi anaiba nyama na kuna mtu anayeipokea kwenye migomba. Madam akamwita Nyangate, akamwambia kesho asubuhi aje na mzee wa kwao, kesi isikilizwe, na asipojitetea aondoke na vesti yake.

Nyangate aliomba iwe Jumapili. Madam akauliza kwa nini. Nyangate akaomba basi iwe Jumatano. Madam akauliza tena, Nyangate akaangalia mlango wa nyuma, na Opondo pale kando akatikisa kichwa kama mtu aliyeona alama za vidole.

Jioni ile alikuja kwangu. Ndipo aliponieleza kitu ambacho alikuwa amekijua siku nyingi. Mama akishaleta mboga, Madam Tryphosa humkaribisha meza ya pembeni, anaingia jikoni mwenyewe, anampakulia bakuli la nyama, na bakuli la pili anajipakulia ili mgeni asile peke yake. Madam huita jambo hilo kuonja, na kila mara Opondo huwa ametumwa maji wakati huo. Wanaonja vizuri, wale mama. Nyangate akirudi kutoka kwenye migomba anakuta mifupa mezani na sufuria imeshuka vidole vinne.

"Sasa sema hivyo," nikamwambia.

"Niseme nini, baba mdogo? Kwamba mama yake Emily ndiye anayemaliza nyama ya hoteli?"

Nilifungua mdomo, na mnajua mdomo wangu haufunguki bure, lakini siku hiyo nilipiga miayo tu. Mwanamume hawezi kutaja tumbo la mama mkwe mbele ya watu. Akilitaja, atabaki na kazi lakini atarudi nyumbani akiwa mtu wa namna nyingine, na Emily atasikia, na mama atasikia, na yule mama hatakanyaga tena boma letu. Akinyamaza, kazi inakwenda, na jina la mwizi linafika Nyamira kabla hajafika yeye kutafuta kazi nyingine. Akaniambia ameamua kunyamaza. Nikamwambia asiogope, mimi nitazungumza, kwani ni mimi niliyetatua ile kesi ya jirani yetu Bosire na fahali. Sikumkumbusha kwamba fahali alichukuliwa.

Ijumaa kesi ilisikilizwa jikoni, ili maharagwe yasiungue. Madam alikaa kwenye kreti ya soda, Opondo akasimama na shati jeupe, mimi nikapewa stuli. Mshtakiwa alikuwa kwenye bukta na vesti, akikanda, maana chapati za mchana hazingojei hukumu.

Opondo alieleza vizuri, lazima nikubali. Alitaja siku, akataja saa, akataja karai. Madam akamuuliza Nyangate karai huwa na nini. Akasema unga. Akamuuliza unga unakwenda kutafuta nini kwenye migomba. Nyangate akakanda.

Basi nikasimama. Nilianza na babu yake, aliyeokota mkoba wa mzungu na kuurudisha. Nikaja kwa baba yake. Nikapitia ubatizo wake, ndoa yake, tabia ya chapati zake, na jinsi ukoo wetu hauna mkono mrefu isipokuwa wa kusalimia. Nilizungumza mpaka Madam akainuka kugeuza maharagwe na akarudi. Kila nilipofika karibu na nyama nilipinda kona, maana hata mimi yule mama ni mkwe wangu kwa njia ya kijana, na mdomo wangu una mpaka, ingawa uko mbali.

"Mzee, umemaliza ukoo wote," Opondo akasema kwa adabu. "Lakini nyama hujaigusa."

Nilikuwa natafuta jibu la kumnyamazisha wakati kikohozi kiliposikika langoni. Mara mbili.

Nyangate hakutuangalia. Alitupa kitambaa juu ya karai, akaliinua begani, akapita katikati ya mlalamishi na hakimu, akatoka kwa mlango wa nyuma kama moshi.

Opondo akafungua mikono. "Madam, mmeona wenyewe. Kesi inasikilizwa, na mshtakiwa amekimbia na ushahidi."

Kwa kweli, hata mimi kwa nukta moja nilimshuku.

Mama akaingia pale mbele na mzigo wake wa mboga, akaona kupitia dirisha kwamba nipo. Nikatoka kumsalimu kama inavyotakiwa: mikono nyuma, macho kwenye kalenda ya ukutani, habari za nyumbani, habari za ng'ombe. Naye akaniitikia akitazama chumvi. Halafu akaketi pale meza ya pembeni, akakung'uta sketi, akamwita Madam kwa uchangamfu.

"Madam, leo hatuonji?"

Niligeuka nikamwona Opondo kwenye dirisha la jiko. Alimtazama yule mama, akatazama meza ya pembeni, akatazama sufuria, kisha polepole akamtazama Madam Tryphosa, ambaye alikuwa amegundua doa kwenye aproni yake na analishughulikia kwa bidii. Opondo akaja karibu yangu, akaninong'oneza.

"Mzee, mbona hukumpa mkono? Huyu mama ni nani kwenu?"

"Ni mama yake Emily."

"Emily yupi?"

"Mke wa yule uliyemwita mwizi."

Nilidhani atabisha. Badala yake uso wa kijana ulishuka kama pazia lililokatika kamba. Kumbe nilikuwa nimesahau anakotoka. Kule ziwani, mambo ya mama mkwe yana uzito kuliko hata kwetu. Nimesikia mtu huzunguka soko zima asikutane naye ana kwa ana. Hakuhitaji tafsiri. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na mimi, kwa kuwa mtu mzima hapaswi kukosa jambo, nikasogea hadi mlangoni.

Nyangate alikuwa amechuchumaa kati ya migomba, mikono ndani ya unga hadi viwiko. Opondo naye akachuchumaa, suruali yake ya pasi na yote.

"Ndugu yangu, ungeniambia."

"Ningekuambia nyama inaliwa na nani?"

Opondo akaangalia mikono ile iliyojaa unga. Kuku akapita kati yao.

"Hapana," akasema. "Hata mimi ningenyamaza. Mimi hata ningesema nimeiba."

Nyangate akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Opondo akashika ukingo wa karai lisiyumbe, wakakaa hivyo, mmoja akikanda, mmoja akishikilia.

Nikarudi ndani. Madam Tryphosa alinijia mbio mbio akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kesi ameiahirisha. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka atakaponiita, na nisingojee. Nikamwambia ukoo wetu unakubali uamuzi huo, na kwamba bado nilikuwa na babu mmoja sijamtaja. Akanipa chapati mbili nisimtaje.

Sasa alibaki na mgeni. Kutompakulia hawezi, kumpakulia kama zamani mkono unakataa. Akachota mchuzi mwingi na kipande kimoja, cha upande wa mfupa, akampelekea mama. Yeye mwenyewe hakukaa. Alisema tumbo lake halijisikii vizuri.

Mama alikoroga mchuzi. Akakoroga tena. Alikuwa mtu wa kusema wazi, na hakujua lolote la asubuhi ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka ajue. Opondo alikuwa ndiyo kwanza anaingia, ana unga kwenye magoti. Mama akamgeukia yeye, kwa kuwa weita ndiye anayeulizwa.

"Kijana wangu, mbona nyama ya hapa imekuwa kidogo hivi? Au mna mwizi huko jikoni?"

Madam aliacha kufuta meza. Mimi niliacha kutafuna. Nyuma ya mabati, kule kwenye migomba, unga nao uliacha kupigwa.

Opondo alifika kwenye dirisha, akachukua upawa, akachota vipande vitatu vikubwa, akaja kuviweka kwenye bakuli la mama, macho yakiwa kwenye kalenda kama mtu wa kwetu kabisa.

"Hapana, mama," akasema, kwa sauti ya kumfikia hata aliye nje. "Nimechunguza mwenyewe. Jikoni kwetu hakuna mwizi."