Makapi ya Bochaberi

Ukitaka kumwona Priscah Bochaberi akitema mate, mtajie neno kijani. Atatema, tena mbali.

Alikuja Rongo kutoka Kisii akiwa mke mchanga, mume akafa, akabaki na kiwanda cha sukari nguru nyuma ya nyumba: mtambo wa kukamua miwa na masufuria makubwa juu ya tanuri. Kuni hakununua. Makapi ya miwa aliyokamua jana ndiyo yaliyochemsha maji ya miwa ya leo. Mtambo ulipozeeka, ukawa unakohoa na kufa katikati ya kazi, akaomba mkopo nafuu wa miradi ya kijani, ile isiyochafua mazingira, uliotangazwa redioni. Bila mtambo mpya, angefunga lango.

Kamati ya mkopo ikamtuma Bonface, kijana wa viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Akatazama bomba la moshi la tanuri, akatikisa kichwa.

"Mama, huu si uwekezaji wa kijani. Hapa kuna moshi."

"Na kile kiwanda kikubwa kando ya barabara? Si kinachoma makapi haya haya?"

"Kile kimeidhinishwa. Kamati ilipoandika maana ya kijani, mkurugenzi wa kile kiwanda alikuwa mezani."

Heh! Alisema bila haya, kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Kiwanda kikubwa kikapewa pesa na bango lenye jani, huku masizi yake yakizidi kuangukia nguo za watu kwenye kamba.

Msimu haukwisha, huyo Bonface amerudi, sasa ameajiriwa na kiwanda, lori nyuma yake. Miwa ilikuwa imeadimika. Makapi hayakuwatosha, na wangechoma mafuta wangepokonywa lile bango lao.

"Tutachukua makapi yako yote, mama. Bei nzuri. Utanunua mtambo."

Bochaberi aliutazama mtambo wake, uliozima tangu asubuhi. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Alijua akikataa, lango linafungwa.

"Yakiungua kwangu ni machafu, kwenu ni safi?"

"Kulingana na mwongozo, ndiyo."

Akacheka kicheko kibaya. Mate yakatua karibu na kiatu kilichochongoka.

"Basi kamwambie mkurugenzi wako makapi ya Bochaberi ni machafu. Nisije nikamchafulia kijani chake."

Kisha akawasha tanuri, ingawa masufuria yalikuwa matupu, ili moshi umsindikize Bonface na lori lake tupu hadi barabarani.