Onyo Lililomfikia wa Kwanza Tu

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Kibiti, mkulima wa Ngorongo aliuliza kwa upole wa kutisha: "Mwanangu, mbona onyo la mafuriko halikutufikia?"

Kijana aliyetengeneza ukurasa wa maonyo alijikuna shingo. "Mzee, kila kaya ya bondeni nimeiwekea alama, data-bonde. Ukibonyeza, zote zitumiwe ujumbe. Ila niliandika amri ya querySelector. Hiyo ikishapata kaya ya kwanza yenye alama, haitafuti nyingine. Ilitakiwa querySelectorAll, inayozichukua zote."

"Ya kwanza ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Si alishahamia huku mjini?"

Kijana aliongeza zile herufi tatu, All, akabonyeza kujaribu. Kaya zote zikawaka nyekundu kwenye kioo. Papo hapo simu ikalia mfukoni mwa mkulima, kisimu kidogo kilichofungwa kwa mpira. Akakisoma, akakilaza juu ya kaunta taratibu.

"Simu ya mama yangu hii. Anaambiwa ahame. Tumemzika Ijumaa."

Wapo waliotoka pale wakiilaani kompyuta. Mimi siilaani. Imefanya kama tufanyavyo sisi siku zote: mwenyekiti akishapata, bonde zima limepata.